Vifuu si Taka, na Muda wa Mwanamke si Bure



Siku hizi kila ukishika simu kuna mtu anatufundisha kujitengenezea kitu nyumbani. Leo sabuni, kesho mbolea ya maganda, keshokutwa makaa ya taka na gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Mambo haya nayapenda na mengine nayafanya mwenyewe. Lakini kuna jambo halisemwi, na mimi nataka kulisema leo. Nishati ya kutengeneza nyumbani ni nzuri pale inapompunguzia mwanamke gharama na moshi, bila ya kumuongezea kazi isiyo na malipo. Ikiwa inamuokolea shilingi mbili na kumchukulia nusu ya siku yake, hiyo si nafuu. Hiyo ni kazi nyengine tumebandikwa, safari hii kwa jina la mazingira.

Nasema hivi nikiwa mfanyabiashara. Mimi fundi cherehani, na fundi anajua saa moja ina thamani gani. Ukiuliza bei ya kushona dera nitakutajia, na ndani ya bei hiyo mna uzi, umeme na mikono yangu. Basi kwa nini tukifika jikoni mikono ile ile ihesabiwe kuwa ni bure?

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Sisi ni watu wa visiwani. Ardhi yetu ina mwisho, na miti yetu pia ina mwisho. Kuni nyingi za Unguja hutoka kwenye vichaka vya maweni vya upande wa mashariki na kusini, ambako udongo ni mchache na mti unachukua miaka kurudi. Makaa mengine yanavushwa kutoka bara. Na mengine, tusidanganyane, yanatoka kwenye mikoko.

Mkoko si kuni tu. Kwenye mizizi yake ndipo wanapokulia samaki wadogo, kaa na kamba. Mkoko unavunja mawimbi yasile pwani, na unapokatwa maji ya chumvi hupata njia ya kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na mikoko ya Chwaka imo ndani yake. Anayekata mkoko leo kwa ajili ya polo la makaa anampunguzia mama mwengine kitoweo cha kesho.

Tena makaa yana upotevu ambao hatuuoni. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Nyengine zote zinapotea kwa moshi na joto huko huko porini. Kwa hiyo kopo moja la makaa unalonunua dukani nyuma yake kuna mzigo wa kuni ambao hujauona.

Halafu kuna vifua vyetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba, unaotokana na kupikia kuni, makaa, mafuta ya taa na vyenginevyo, ulisababisha vifo kiasi cha milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Kati ya hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Anayekaa karibu na moshi ni mama, na aliyebebwa mgongoni mwa mama ni mtoto. Hapo hapahitaji ufafanuzi.

Kabla ya kutengeneza nishati, punguza ya kuchoma

Watu wengi wakisikia nishati mbadala wanakimbilia kuchoma kitu kipya. Mimi nasema tuanze kinyume chake. Makaa ya bei nafuu kuliko yote ni yale ambayo hukuyawasha.

Njia ninayoipenda ni kikapu cha kupikia. Chakula kinachemshwa motoni kwa muda mfupi, kisha sufuria inatiwa ndani ya kikapu kilichojazwa mito, na joto lililomo linamalizia kupika lenyewe. Hakuna moto, hakuna moshi, na hakuna wali kuungua. Si jambo jipya duniani. Huko Afrika Kusini, Sarah Collins alianzisha mwaka 2008 mfuko wa namna hii uitwao Wonderbag, wakati nchi yao ina mgao mkubwa wa umeme. Sisi hatuna haja ya kuagiza kitu. Vikapu vya ukili tunavyo, sufi tunayo, usumba tunao, na kila fundi ana gunia la vipande vya nguo asilojua alipeleke wapi.

Unatengeneza hivi:

1. Tafuta kikapu cha ukili kikubwa, ambacho sufuria yako ikiingia inabaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande na chini.
2. Shona mito mitatu: mmoja wa duara wa chini, mmoja mrefu wa kuzunguka sufuria, na mmoja mnene wa kufunika juu. Jaza sufi, usumba mkavu uliosafishwa, au vipande vya nguo vilivyokatwa vidogo vidogo. Usishindilie sana, maana hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayozuia joto lisitoke.
3. Kitambaa kinachogusa sufuria kiwe cha pamba. Kanga iliyochakaa inafaa sana. Shona foronya ya kuvua ili uweze kufua.
4. Tumia sufuria yenye mfuniko unaobana, na chakula kijae angalau theluthi mbili. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi.
5. Kabla ya kuitia kikapuni, futa chini yake na uhakikishe hakuna kaa la moto lililonata.

Wali: ukishachemka na kuanza kunywa maji, funika, tia kikapuni, uache dakika 40 hadi saa nzima. Maharage: roweka usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, yachemshe kwa nguvu dakika 20, kisha yaache kikapuni masaa matatu au manne. Baadaye unarudisha motoni dakika chache tu kwa kutia tui na viungo. Choroko na kunde huwahi zaidi.

Hapo pana mambo mawili ya kushika. La kwanza, maharage lazima yachemke kwelikweli kabla ya kuingia kikapuni. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa joto dogo. La pili, kikapu si friji. Usiache chakula mle kutoka mchana hadi usiku, na hasa chenye nyama au tui. Kitoe, kichemshe tena, kipakue.

Faida yake kwangu ni zaidi ya makaa. Saa tatu ambazo ningekuwa nainuka kila mara kwenda kuchochea moto, nakaa kwenye cherehani. Hii ndiyo namna ya mambo ya kijitengenezee ninayoikubali, kwa sababu inanipa muda na hainiombi muda.

Vifuu, makaa tunayoyatupa

Nenda sokoni au pita kwa wauza nazi uangalie kinachotupwa. Makumbi rundo, vifuu rundo. Bibi zetu hawakuviita taka. Kumbi lilitoa usumba wa kamba, kifuu kikawa upawa, kata ya maji au moto wa jikoni, makuti yakaezeka na karara likawashia moto. Sisi tunavilipia vitupwe, kisha tunakwenda kununua polo la makaa.

Kifuu ni kigumu, na makaa yake yanakolea, yanakaa na moto na yana majivu machache. Kwa makadirio, kilo nne za vifuu vikavu hutoa kiasi cha kilo moja ya makaa. Utaratibu wake ni huu:

1. Anika vifuu mpaka vikauke kabisa, na uondoe nyuzi za makumbi na nyama ya nazi iliyobakia.
2. Tafuta pipa la bati lenye mfuniko. Lisiwe lililowahi kutiwa rangi, dawa za shamba au kemikali yoyote. Liweke uwanjani, mbali na paa la makuti, nguo zilizoanikwa na watoto.
3. Washa moto mdogo chini kwa makarara au vifuu vichache. Vikishika, ongeza vyengine kwa tabaka, usijaze kwa mara moja. Simama upande ambao upepo unatokea, kwani mwanzoni moshi ni mwingi.
4. Moshi mweupe mzito ukipungua na tabaka la juu likawa jekundu, funika na uzibe pembezoni kwa udongo mbichi ili hewa isiingie.
5. Acha mpaka kesho yake. Ukifungua bado pana moto, hewa ikiingia tu yanawaka upya na utabakiwa na majivu.

Kifuu kilichoiva vizuri ni cheusi mpaka ndani na kinavunjika kwa mlio mkavu. Kikiwa na rangi ya kahawia hakijaiva, kitakutolea moshi jikoni.

Wengi wanafundisha kwamba hapo uyatwange makaa yako, uchanganye na uji wa muhogo na utengeneze vidonge. Hapa mimi natofautiana nao. Vifuu vimeshakuwa makaa, vitie kwenye seredani upike. Kutwanga kitu kizima ili ukigandishe tena ni kujitafutia kazi.

Vidonge vina mahali pake, na mahali pake ni chenga. Kila polo la makaa lina chenga chini ambazo watu wanamwaga. Hizo ndizo za kukusanya. Zichekeche, na kwa kila kilo 10 za chenga pika uji wa unga wa muhogo wa nusu kilo hadi kilo moja. Changanya mpaka ukifinyanga tonge lishikane, lisimeguke wala lisichuruzike maji. Finyanga kwa mkono au shindilia kwenye kikopo kisha ukitoe, uanike juani siku tatu hadi tano. Wengine huongeza udongo ili yawe mengi. Udongo hauwaki. Utapata vidonge vingi, lakini joto litapungua na majivu yatajaa jiko.

Kazi hii ifanyeni wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Ukingoja masika utaanika na kuanua wiki nzima mpaka yaote ukungu. Weka akiba yako mapema mahali pakavu.

Gesi ya kinyesi

Kuhusu biogesi nitasema wazi: ni nzuri sana, lakini si ya kila nyumba. Mtambo mdogo wa nyumbani unahitaji kinyesi cha ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa bandani, kila siku, kikichanganywa na maji kwa kiasi sawa. Ng'ombe anayechungwa kutwa kondeni anaacha kinyesi chake huko huko. Kadhalika unahitaji maji karibu, na mwanamke anayenunua maji kwa dumu hawezi kuyamwaga kwenye shimo. Na sehemu zetu za maweni kuchimba shimo lenyewe ni kuvunja jiwe.

Tanzania ina uzoefu wa miaka mingi wa mitambo hii. Mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani uliokuwa chini ya CAMARTEC ya Arusha, na mitambo mingi ilijengwa kwa wafugaji. Aliye na ng'ombe, maji na nafasi, namshauri aulizie fundi aliyesomea, asijenge kwa kuangalia video. Gesi ikivuja inaweza kulipuka. Viungo vya bomba vinapimwa kwa povu la sabuni. Havipimwi kwa njiti ya kibiriti. Na tope linalotoka baada ya gesi ni mbolea nzuri ya mchicha na migomba, kwa hiyo ng'ombe anakulipa mara mbili.

Asiye na ng'ombe asijione amepungukiwa. Mwenye hoteli kubwa, yenye mabaki ya chakula kila siku na pesa ya kuajiri fundi, ndiye anayefaa kuulizwa kwa nini mabaki yake yanaishia jaani. Tunapenda kumfundisha mama wa chumba kimoja kuokoa dunia, na walio na uwezo tunawapita tukiwaamkia.

Msiyoyajaribu nyumbani

Yapo mambo yanayosambazwa ambayo nawaomba muyaache.

La kwanza ni kutengeneza dizeli kwa mafuta yaliyokaangia. Kisayansi inawezekana, lakini inatumika methanoli, ambayo mvuke wake unashika moto upesi na ukiingia mwilini unaweza kupofua au kuua, pamoja na magadi makali yanayounguza ngozi. Hiyo si kazi ya jikoni penye watoto.

La pili ni kuwashia jiko kwa mifuko ya plastiki na vipande vya nguo. Hili nalisemea kwa nguvu kwa sababu vipande vinatoka kwetu mafundi, na watu wanakuja kuviomba. Nguo nyingi za siku hizi ni poliesta, na poliesta ni plastiki. Kuijua ni rahisi. Chomoa uzi mmoja, uwashe ukiwa nje. Ukiyeyuka ukaacha kishanga kigumu na harufu ya plastiki, hiyo ni poliesta. Ukiungua kama karatasi ukaacha majivu laini, hiyo ni pamba. Vipande vya poliesta vijaze mto wa kikapu, visiingie motoni, maana moshi wake utauvuta wewe na utakaa juu ya chakula chako.

La tatu ni mbono. Mnakumbuka miaka ya 2000 tulivyoambiwa mbono ndio dhahabu mpya, kwamba mbegu zake zitatoa dizeli na kila mwenye uwa wa mibono atatajirika? Huko bara, Kisarawe na Kilwa, makampuni ya nje yalipewa ardhi kubwa ya vijiji kwa kilimo hicho, na baada ya miaka michache miradi ikafa na wanavijiji wakabaki na maswali ya ardhi yao. Mbono unafaa kwa uwa. Mbegu zake ni sumu, watoto wasizichezee. Na sisi tujifunze kwamba jambo likija na ahadi kubwa, la kwanza kuuliza ni nani atafaidika na nani ataachiwa hasara.

La nne, na hili ni la roho. Makaa, yawe ya mkoko, ya vifuu au ya chenga, yakiwaka hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha analala asiamke. Tuna desturi ya kumtunza mzazi kwenye arubaini, anakandwa, anafukizwa, na chumba kinatiwa joto. Desturi ya kumtunza mzazi ni njema na tusiiache. Lakini seredani isilale chumbani na mzazi na kichanga, milango imefungwa na pazia zimeteremshwa. Mtieni joto kwa maji ya moto na nguo nzito. Udi fukizeni mlango ukiwa wazi, kisha chetezo kitolewe nje. Na makaa ya kienyeji yasidhaniwe kuwa salama kwa sababu tumeyatengeneza kwa mikono yetu.

Sasa tuhesabu

Chukua daftari. Andika upande mmoja makaa unayonunua kwa wiki, na upande wa pili masaa utakayotumia kukusanya vifuu, kuvichoma na kuvihifadhi. Kama una kazi inayokulipa, iwe kushona, kusuka ukili, kuuza maandazi au kupaka hina, andika saa yako moja inaingiza nini. Halafu linganisha. Mimi nilipolinganisha niliona kikapu kinanilipa, makaa ya vifuu yananilipa pale wauza nazi wanapokuwa karibu, na vidonge vya chenga vinanilipa tu tukivifanya watu wengi pamoja kwa siku moja. Hesabu ya mwenzangu wa shamba inaweza kuwa kinyume kabisa na yangu. Muhimu ni kuwa na hesabu.

Na kuna hesabu nyengine ambayo wanawake tunaionea haya. Katika nyumba zetu nyingi matumizi yanatolewa na mume, na ndani yake mna pesa ya makaa. Sasa wewe ukianza kutengeneza makaa yako, mara nyingi kinachotokea ni kwamba ile pesa inapunguzwa. Yaani umefanya kazi ya ziada, umevuta moshi, umeokoa, na akiba haikuonekana mkononi mwako. Nimewasikia wanawake wengi wakilalamikia hili kwa sauti ya chini.

Mimi sioni haya kusema: zungumzeni kabla ya kuanza. Mwambie mume wako, kwa adabu na kwa uso mkunjufu, kwamba kinachookolewa jikoni kitawekwa mahali fulani mnapopajua nyote wawili, iwe ni ada ya skuli, hisa zako za kikoba au mtaji wako. Matumizi ya nyumba ni wajibu wake katika dini yetu, na juhudi yako ya kubana isigeuzwe sababu ya kumpunguzia wajibu. Waume wema, na wapo wengi, wakielezwa wanaelewa.

Tena kubeba vifuu, kutoboa pipa na kuzima moto ni kazi ambazo wanaume na vijana wa nyumbani wanaziweza vizuri sana. Sijaona pahala palipoandikwa kuwa mazingira ni ya wanawake peke yao. Kijana wa kiume anayekula wali mchana hawezi kushindwa kuokota vifuu jioni.

"Si kuna gesi?"

Najua kuna msomaji anayesema, mambo ya vifuu ni ya kizamani, tununue gesi ya mtungi yaishe. Ana hoja. Gesi haina moshi wa kuni wala masizi ya makaa, na inawaka papo hapo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Dar es Salaam mwezi wa Mei 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, na mwenye uwezo wa gesi aitumie wala asijione si mwanamazingira.

Lakini tuseme na ukweli wake. Makaa yanauzwa kwa kopo, na gesi inauzwa kwa mtungi. Mama anayepata pesa kwa siku hununua kwa siku. Hawezi kungoja akusanye pesa ya kujaza mtungi wakati watoto wana njaa leo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina mtungi wa gesi kwa chai ya asubuhi na seredani kwa maharage. Kikapu kinamsaidia huyu pia, kwani hata gesi yake itakwenda siku nyingi zaidi.

Na sisi wa visiwani tunajua kinachotokea kitu kinapochelewa kuvuka bahari. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu baada ya umeme unaotoka bara kukatika. Mafundi walirudi kwenye cherehani za mguu na pasi za makaa. Aliyekuwa na ujuzi wa zamani aliendelea kula. Sisemi turudi kwenye mafiga. Nasema ujuzi wa mkononi hauozi, na nyumba yenye njia mbili za kupika haipati tabu ya ghafla.

Ninachowaomba

Mwezi huu usianze mambo kumi. Shona kikapu kimoja, ukitumie wiki mbili, na uandike makaa au gesi uliyobakisha. Ukiona faida, mshonee mama yako au wifi yako. Fundi mwenzangu, hii ni biashara: kikapu na mito yake vinauzika, na malighafi yako ni vipande ulivyokuwa ukivitupa.

Mkiwa jirani watano wenye wauza nazi karibu, changisheni pipa moja, mpange zamu, na wanaume na vijana wenu wawe kwenye zamu hiyo. Chenga zikusanyeni mpaka kaskazi. Na mwenye mzazi ndani, leo hii hii akaangalie kama seredani inalala chumbani.

Israfu tumekatazwa hata katika maji ya kutawadhia, seuze katika miti iliyochukua miaka kukua. Lakini nafsi ya mwanamke, nguvu zake na muda wake navyo ni amana. Kubana makaa huku tukimmaliza anayeyabana ni israfu ya aina nyengine. Mtu akija kutufundisha njia mpya ya kuishi vizuri na dunia, tumsikilize, tumshukuru, kisha tumuulize swali moja: kazi hii ataifanya nani, na atapata nini?

Allah atutilie baraka katika mikono yetu na majiko yetu. Amin.